Pesa Zilizolala za Bwana Kiboko

Wenye masikio mpo?

— Tupo, na masikio yetu mawili mawili!

Nina ngano, niitue wapi?

— Itue hapa katikati!

Na ikiwa na uongo ndani?

— Tutautafuna na chumvi!

Haya, sogeeni. Na wewe uliyekaa karibu na sufuria, nakuona, toa mkono humo. Ngano haisikiki mdomo ukiwa umejaa.

Hapo kale palikuwa na nchi ya wanyama iitwayo Tandavala. Nchi ndogo tu. Ukianza kutembea asubuhi, adhuhuri umeshatokea upande wa pili na watu wanakuuliza umetoka wapi. Lakini ilikuwa nchi kamili. Ilikuwa na mipaka, ilikuwa na soko, na ilikuwa na pesa yake yenyewe.

Pesa ya Tandavala ilikuwa konokono.

Mnacheka nini? Kuna nchi zina vipande vya chuma, kuna nchi zina makaratasi, na sijawasikia mkicheka. Tandavala walikuwa na konokono, tena konokono hai. Ukitaka muhogo, unatoa konokono mmoja. Ukitaka asali, konokono watano. Chenji ilikuwa vitoto vya konokono, vidogo kama punje za mtama, na kina mama walivifunga ndani ya jani visije vikatambaa vikaenda kwa jirani.

Sasa, nchi ile ilikuwa na sheria moja kuhusu pesa: pesa lazima iwe hai. Konokono aliyekufa hapokelewi. Kwa hiyo ukilipa, muuzaji anamweka konokono juu ya jani, anamgonga mgongoni kwa ukucha, ngo ngo ngo, anasema, "Toa pembe tuonane." Kisha wote wawili wanasubiri.

Na konokono mnamjua, hana haraka. Basi wakisubiri, wanasalimiana.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Na yule mgonjwa?"

"Anaamka kidogo, anakunywa uji."

"Na mkwe?"

"Ah, mkwe tumwache."

Wakishamaliza habari zote, chwii! pembe hizo zinachomoza. Pesa imekubali, biashara imekwisha. Kununua fungu la mchicha Tandavala kulichukua nusu ya asubuhi, na hakuna aliyelalamika.

Hakuna, isipokuwa Bwana Kiboko. Kiboko alikuwa na tumbo, alikuwa na meno, alikuwa na sauti, ila subira hakupewa. Yeye aliifokea pesa. "Toa pembe, wewe!" Na konokono akisikia sauti ile, alizidi kujikunja ndani.

Ikaja kiangazi. Si kile cha kila mwaka. Kiangazi chenyewe. Mto ukakauka, visima vikakauka, majani yakawa yanalia kachakacha ukiyakanyaga. Yakabaki maji mahali pamoja tu, Bwawa la Chura, na chura mwenyewe alikuwa ameshahama.

Kiboko akaingia bwawani, pwaa! Akakaa katikati.

"Hili bwawa langu," akasema.

"Lako kwa nini?" wenzake wakauliza.

"Kwa sababu nimelijaa. Kuna mwingine anayeweza kulijaa?"

Hakukuwa na mwingine. Na yale meno, nani ayasogelee? Basi ikawa hivyo. Mafunda matatu ya maji kwa konokono mmoja. Funda la nne, konokono mwingine. Kiboko akawa anapokea konokono na kuwarusha nyuma yake, ndani ya zizi la miiba alilolijenga ukingoni. Mwezi haujaisha, karibu pesa yote ya Tandavala ilikuwa imo zizini mwa Kiboko.

Lakini tajiri huyu alikuwa na tatizo. Hakuweza kutoka majini. Angetoka kwenda kula majani, watu wangekunywa bure! Wazo hilo lilimuuma kuliko njaa. Kwa hiyo alimwajiri Nyumbu. Kila siku Nyumbu alimletea mzigo wa majani kutoka milimani, mzigo mmoja kwa konokono mmoja. Nyumbu anapokea konokono, anakwenda naye upande wa pili wa bwawa, anamrudisha kwa Kiboko, naye Kiboko hamgongi kwa kuwa ametoka kwake mwenyewe, Nyumbu anakunywa. Mnaona pesa ilivyokuwa ikizunguka? Ilikuwa ikizunguka kiboko mmoja.

Sasa katika nchi hiyo alikuwepo Sange. Sange ni mnyama mdogo, mdogo kama panya, miguu myembamba, na pua ndefu inayochezacheza kila wakati. Alikuwa mjane. Alikuwa na mtoto mmoja, Nyamvula, aliyezaliwa siku ya mvua ya mwisho, na tangu hapo mtoto hakuiona mvua nyingine. Majirani walimwita mama yake Mama Nyamvula.

Sange alibaki na konokono mmoja tu. Alimtunza shimoni, pembeni, hakumgusa. Siku Nyamvula alipoacha kulia, Sange aliogopa. Mtoto wa sange akilia, ni mzima. Akinyamaza ndiyo kazi. Akamtwaa konokono, akamshika mtoto mkono, wakaenda bwawani mbio mbio, tip tip tip tip.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Pesa."

Hata shikamoo hakuitikia! Sange akamweka konokono juu ya jani. Kiboko akamgonga kwa jino, ngo! Mara moja tu.

"Haina pembe."

"Amelala, bwana. Ni jua hili. Tusubiri kidogo. Haya, habari za..."

"Sitaki habari. Pesa isiyotoa pembe ni maiti, na mimi sipokei maiti. Ondoka na marehemu wako."

Watu kwenye mstari wote walisikia. Sange aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Kiboko akapiga chafya, prrrfff! Maji yakaruka, matone mawili matatu yakaanguka kwenye jiwe.

"Mama," Nyamvula akasema, "yale ameyamwaga. Naweza kuyalamba?"

"Hayo pia ni konokono mmoja," Kiboko akasema.

Sange akamwokota konokono wake, akambeba mtoto, akarudi nyumbani. Alikuwa na uchungu, na alikuwa na hasira, na hakujua amwage kipi kwanza.

Alfajiri yake akamtoa Nyamvula nje kutafuta umande. Chini ya jani moja pana, lililojificha kwenye kivuli cha jiwe, walikuta matone manne. Nyamvula akalamba moja, akalamba la pili, akalamba la tatu. La nne likaponyoka. Likaanguka, top! juu ya yule konokono, ambaye Sange alikuwa amemlaza pale pale kivulini.

Chwii. Pembe moja. Chwii. Pembe ya pili.

Sange akaruka. "Kumbe uko hai, mshenzi wewe! Na jana umeniaibisha mbele za watu!"

Akamdaka, akakimbia naye bwawani, tip tip tip tip, roho juu, awahi kulipa kabla pesa haijasinzia tena. Njia ilipita nyuma ya zizi la miiba. Sange akapunguza mwendo. Zizi lilikuwa kimya. Maelfu ya konokono, rundo juu ya rundo, na kila mmoja amejifungia mlango kwa utando mweupe. Akapenyeza pua ndefu katikati ya miiba, akagonga mmoja. Ngo ngo ngo. Kimya. Akagonga wa pili. Ngo ngo ngo. Kimya. Akagonga wa tatu. Kimya.

Sange akakaa kitako. Pua ikaanza kucheza kushoto, ikacheza kulia. Kisha akacheka. Hakwenda tena kulipa. Alimficha konokono wake kivulini na kwenda kumtafuta Nyumbu.

Akamkuta anashuka mlimani na mzigo wa majani.

"Mama Nyamvula, habari za tangu jana?"

"Za kiu tu. Ndugu yangu, Kiboko akikulipa, huwa unagonga?"

"Nigonge wapi? Ananirushia, naondoka. Nikichelewa ananifokea."

"Basi leo gonga."

"Atanila!"

"Kiboko anakula majani, na majani ni wewe unayempelekea. Gonga."

Nyumbu akaenda. Kiboko akamrushia konokono. Nyumbu akamweka juu ya jani, akagonga kwa kwato, taratibu, ngo ngo ngo.

"Unafanya nini?" Kiboko akauliza.

"Nagonga, bwana. Hajatoa pembe."

"Nani kakufundisha kugonga?"

"Wewe, bwana. Jana. Ulisema pesa isiyotoa pembe ni maiti."

Kiboko akarusha konokono mwingine. Ngo ngo ngo. Kimya. Mwingine. Ngo ngo ngo. Kimya. Ishirini walirushwa, ishirini walikuwa maiti.

"Basi nilipe maji," Nyumbu akasema. "Mzigo wa majani kwa maji ya kushiba."

"Maji? Bila pesa?" Kiboko akang'aka. "Nikitoa maji kwa majani, kesho mwingine ataleta kuni, mwingine ataleta nyimbo! Maji yangu yanatoka kwa pesa tu!"

Nyumbu akajitwika mzigo wake, akauweka kando ya njia, akaenda zake. Siku hiyo Kiboko hakula. Siku ya pili pia hakula. Tumbo lake lilinguruma, nguruuu, nguruuu, watu walidhani mvua inakuja.

Wakati huo Sange alikuwa kwa Mhanga. Mhanga ndiye mchimbaji, mnamjua, kucha zake ni majembe.

"Shemeji," Sange akasema, "nichimbie mfereji. Uanzie nyuma ya zizi la Kiboko, uteremke mpaka kwenye yale mawe mawili makubwa, na kati ya mawe unichimbie shimo la kina. Shimo lipake udongo wa mfinyanzi ndani."

"Mfereji wa maji?"

"Wa maji."

"Maji yapi, shemeji? Maji hayapo."

"Yatakuja."

"Kutoka wapi?"

"Kwa Kiboko."

Mhanga akacheka mpaka vumbi likamtoka puani. "Shemeji, pole sana. Kiu imeshapanda kichwani."

Lakini Mhanga ukimpa sababu ya kuchimba, hata ikiwa mbovu, anachimba. Kwaru kwaru kwaru. Kwaru kwaru kwaru. Sange akawa anabeba udongo wa mfinyanzi, punje kwa punje, na Nyamvula amelala kivulini, midomo imepasuka. Ule umande wa asubuhi ndio aliokunywa, na siku iliyofuata hata umande haukuwepo. Sange alijua hana siku nyingine ya kungoja.

Shimo lilipokuwa tayari, Sange alijifunga jani kiunoni kama fundi, akamchukua konokono wake, akaenda bwawani.

"Hodi bwawani!"

"Pesa," Kiboko akasema, lakini sauti ilikuwa ya njaa.

"Sina pesa, bwana. Mimi ni fundi."

"Fundi wa nini, kipua wewe?"

"Wa kuamsha pesa."

Kiboko akatoa kichwa chote majini. "Zangu zimekufa."

"Zimekufa! Nani kasema?" Sange akashika kichwa. "Pesa ya mtu mkubwa kama wewe ife? Bwana mkubwa, hizo zimepumzika tu. Zimekaa nyingi pamoja, zimebanana, zimeshikwa na usingizi. Pesa ya maskini ndiyo inakosa usingizi, maana iko peke yake na inaogopa."

Alimvisha kilemba cha ukoka, nacho kikamkaa vizuri. Kiboko alinyoosha shingo.

"Zinaamshwaje?"

"Tazama." Sange akamweka konokono wake kwenye jiwe. "Nikopeshe tone moja la maji."

"Tone moja ni kono..."

"Basi usinikopeshe. Mdondoshee mwenyewe. Tone ni lako, pesa ni yangu, mimi nashika jani tu."

Kiboko akainamisha sharubu. Top!

Chwii. Pembe moja. Chwii. Pembe ya pili.

Macho ya Kiboko yakamtoka. Akamtazama konokono, akalitazama zizi, akamtazama konokono tena. Kisha akaanza kuwaza. Kuwaza kwake kulichukua muda, na Sange alisubiri bila kumsaidia. Kama Kiboko angewaza hatua moja tu zaidi, Nyamvula asingeuona usiku.

"Kama konokono mmoja ametaka tone moja," Kiboko akasema polepole, "basi zizi zima linataka... matone mengi."

"Bwana!" Sange akapiga makofi. "Sasa mimi nimekuja kufanya nini hapa? Kumbe fundi ni wewe!"

Kiboko akafurahi. Akageuza mgongo kwa zizi, akainua makalio, akapiga maji kwa nguvu zote. Na Sange akaanza kuimba. Nanyi mniitikie, msiniache peke yangu:

Amka, pesa, amka!
— Toa pembe!
Bwana ana njaa, amka!
— Toa pembe!
Mwenye mali kakuita!
— Toa pembe!

PWAAA!

Maji yakaruka juu ya ukingo, yakamwagikia zizini. Chwii chwii chwii, pembe kumi, pembe ishirini. Kiboko akageuka kutazama. Maji yaliyokuwa mabegani mwake sasa yalikuwa mbavuni. Hakuona. Aliona pembe.

"Wameamka!"

"Hao wa juu tu, bwana, hao wepesi. Wazito wako chini kabisa. Wakubwa kama ngumi."

"Ngumi ya nani?"

"Yako."

PWAAA! PWAAA!

Maji yakapita zizini, yakatokea nyuma, yakauona mfereji wa Mhanga, yakaingia. Chiriri, chiriri, chiriri. Kiboko akasimamisha masikio.

"Nasikia kitu kinatiririka."

"Ni pesa zinapiga miayo, bwana. Zimelala siku nyingi."

"Zote hizo?"

"Wewe una pesa nyingi, huzijui tu."

Kiboko akacheka kwa raha, hwa hwa hwa, akapiga tena. Maji yakafika tumboni. Na huko kwenye mawe, Mhanga alikuwa amekaa kando ya shimo lake, anatazama maji yakiingia, ameachama mdomo. Akaenda mbio kuwaita watu.

Kiboko akageuka tena kutazama utajiri wake. Zizi zima lilikuwa linacheka kwa pembe. Lakini pia lilikuwa linatembea. Konokono walikuwa wanapenya katikati ya miiba, mmoja mmoja, wawili wawili, wanateremka.

"Sange! Wanakwenda wapi?"

"Kula, bwana. Wewe ukiamka huli?"

"Na watarudi?"

"Konokono akishiba anataga. Hao wameondoka mmoja mmoja, watarudi na watoto mia mia."

Kiboko akafumba macho kwa utamu. "Riba!" akanong'ona.

"Wewe umesema."

"Basi waende! Waende wote! Asibaki hata mmoja!" Naye akapiga maji kulia, akapiga kushoto, akapiga kwa miguu, akapiga kwa kichwa. Amka, pesa, amka! Toa pembe! PWAAA! PWAAA! PWAA! Pwaa. Pwa. Pchak.

Kiboko akasimama. Akainama akatazama chini.

"Sange."

"Naam, bwana."

"Hivi vitu vinne ni nini?"

"Magoti yako, bwana."

"Yamefikaje hapa?"

"Yalikuwepo siku zote. Maji ndiyo yaliyokuwa yameyaficha."

Kiboko akatazama magoti. Akatazama matope. Akatazama zizi, halina konokono hata wa dawa. Hapo hatimaye ile hatua moja zaidi ya kuwaza ikamfikia. Alinguruma mpaka miiba ikaanguka kwenye zizi, akatoka matopeni kumkamata Sange.

Sange alikuwa ameshakula kona. Tip tip tip tip! Kiboko nyuma, gudum gudum gudum! Sange akakata kulia, Kiboko akakata kulia. Sange akakata kushoto, Kiboko akakata kushoto. Pumzi ya moto ikawa inampiga Sange mkiani, naye anamfikiria Nyamvula tu. Kisha wakapita kando ya njia, palipokuwa na ule mzigo wa majani wa Nyumbu.

Gudum gudum... gudum. Kiboko akasimama.

Hasira ikamwambia, "Mkimbize." Tumbo likamwambia, "Siku mbili." Hasira ikasema, "Kakuibia!" Tumbo likasema, "Nguruuu." Mtu mzima akashindwa na tumbo lake. Akainamisha kichwa, nyaku nyaku nyaku, akala mzigo mzima, na kamba yake.

Sasa majani yale yalikuwa makavu, yameanikwa juani siku mbili. Mnajua yanavyofanya kooni. Kiboko alipomeza la mwisho, kiu ilimshika ambayo hajawahi kuijua tangu azaliwe. Hasira yote ikayeyuka. Akafuata mfereji, ulimi nje, mpaka kwenye mawe mawili makubwa.

Pale palikuwa na watu wote wa Tandavala. Kati ya mawe kulikuwa na mwanya. Kichwa cha Kiboko kingepita, mabega yasingepita kamwe. Sange alikuwa amepima. Na wanyama walikuwa wamejipanga mstari, anakunywa mmoja, anatoka, anaingia mwingine. Konokono walikuwa wanatambaa huku na huku kwenye unyevu, wamerudi kuwa pesa za watu, na siku hiyo hakuna aliyejishughulisha kuwaokota.

"Nipisheni," Kiboko akasema. Hakuna aliyesogea. Nyumbu hata hakugeuza shingo.

Kiboko akameza mate, na mate hayakuwepo. Akamtazama Sange, aliyekuwa juu ya jiwe.

"Konokono wangapi?" akauliza, kwa sauti ndogo.

Watu wote wakamtazama Sange. Angeweza kusema mia. Angeweza kusema elfu, na wote wangepiga vigelegele.

"Haya hayauzwi," Sange akasema. "Yana foleni tu."

Kiboko akaenda mwisho wa mstari. Akatazama mbele yake, hakuona mtu. Akatazama chini. Mbele yake, katikati ya miguu yake ya mbele, alisimama Nyamvula. Alikuwa ameshakunywa mara tatu, na kila akimaliza anarudi kupanga foleni upya.

Mstari ukasogea. Wakanywa wote, mmoja mmoja, mpaka zamu ya Nyamvula ikafika. Akaingiza pua ndefu majini. Akanywa tone. Akapuliza povu, blub blub blub, akacheka. Akanywa tone lingine.

"Mtoto," Kiboko akasema nyuma yake, koo limekauka kama gome, "bado?"

Nyamvula akageuka, maji yanamdondoka kidevuni.

"Bado, babu," akasema, na akarudi kunywa.

Ndiyo maana mpaka leo kiboko hutoka majini kwenda kujitafutia majani mwenyewe, haajiri mtu. Na ukimwona anapiga miayo, amefungua mdomo wote hadharani, mjue si usingizi. Anafanya mazoezi ya kusema shikamoo.

Sasa, kila ngano lazima iwe na funzo, la sivyo wazazi wenu watasema nimewapotezea muda. Basi sikilizeni, funzo ni hili. Watoto, ukiwa na pesa iache ilale, usiiamshe. Ukiwa na maji, usioge. Usijifunze kugonga pesa ya mtu mkubwa, ni utovu wa adabu. Na ukiwa mdogo mwenye pua ndefu, usiiingize kwenye mambo ya wakubwa, maana wakubwa ndio wanaojua.

Mnacheka? Basi hamjafundishika, na kosa si langu.

Ngano yangu imekunywa, imeshiba, imejikunja.

— Ilale salama!

Na atakayeigonga?

— Angoje pembe!